Zoezi la Michigan hatua kwa hatua: uwanjani, barabarani, kisha uwanjani tena

Ukiwa jukwaani ukimtazama mkimbiaji anayefanya zoezi hili, utadhani amekata tamaa. Anapiga mizunguko minne, jasho linamchuruzika, na badala ya kusimama ashike magoti, anatoka langoni na kupotelea barabarani. Dakika nane au tisa zinapita. Anarudi, anasogea mstarini, anapiga mizunguko mitatu kwa kasi kuliko ile minne ya kwanza, halafu huyo, ametoka tena. Mpaka arudi mara ya tatu ndipo unang'amua kwamba hakuna aliyemfukuza. Zoezi lenyewe liko hivyo.

Linaitwa Michigan, kwa jina la chuo kikuu lilikozaliwa, katika mji wa Ann Arbor huko Marekani. Aliyelipa umaarufu ni kocha Ron Warhurst, aliyeanza kazi Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1974 na kukaa hapo kwa zaidi ya miaka 30. Mikononi mwake alipita Brian Diemer, aliyepata shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Los Angeles 1984, mbio ambazo dhahabu yake aliichukua Julius Korir wa Kenya. Akapita Kevin Sullivan wa Kanada, wa tano katika mita 1,500 Sydney 2000, na Nick Willis wa New Zealand, mwenye fedha ya Beijing 2008 na shaba ya Rio 2016 katika umbali huohuo. Warhurst alipoachana na kazi ya chuo hakuacha ukocha: Hobbs Kessler, aliyemaliza wa tano katika mita 1,500 Paris 2024, naye ni mwanafunzi wake.

Angalia orodha hiyo vizuri. Ni watu wa mita 1,500 na viunzi, lakini zoezi wanalotajwa nalo lina kilomita 10 za kazi. Hapo ndipo pa kuanzia kulielewa.

Lenyewe liko hivi

Mita 1,600 uwanjani, kwa kasi yako ya mbio za kilomita 10
Kilomita 2 barabarani, kwa kasi iliyo kati ya nusu marathoni na marathoni
Mita 1,200 uwanjani, kwa kasi inayozidi kidogo ile ya kilomita 10
Kilomita 2 barabarani, kasi ileile
Mita 800 uwanjani, kwa kasi ya mbio za kilomita 5
Kilomita 2 barabarani, kasi ileile
Mita 400 uwanjani, kwa chochote kilichobaki mwilini

Jumlisha: mita 4,000 uwanjani, mita 6,000 barabarani. Utakutana na matoleo mengine, maana makocha ni kama wapishi, kila mmoja ana chumvi yake. Kuna wanaoanza na maili kamili, ambayo ni mita 1,609, wengine wanafupisha vipande vya barabarani, na wapo wanaotumia njia ya msituni badala ya lami. Mfupa wake haubadiliki: vipande vya uwanjani vinapungua urefu na kuongezeka kasi, na katikati yake hupewi pumziko la kweli, unapewa barabara.

Msimamo wangu niuseme mapema, maana kila nitakachoshauri huko chini kinatoka hapo. Zoezi hili linafanyika barabarani. Vipande vya uwanjani ndivyo vinavyopigwa picha, ndivyo watu wanavyojisifia, lakini kazi yake ni kukuchosha ili barabara ikufunze. Mtu akiniambia alipiga mita 400 za mwisho kwa sekunde 62, namuuliza kilomita 2 za tatu alizimaliza kwa dakika ngapi. Mara nyingi hana jibu.

Mwilini kunatokea nini

Ukikimbia mita 1,600 kwa kasi ya kilomita 10, misuli inazalisha kwa wingi lakteti, kemikali inayotokana na kuvunjwa kwa sukari mwilini. Wengi tulikuzwa tukiambiwa kwamba hiyo ndiyo sumu inayochoma mapaja. Tulidanganywa. Lakteti ni chanzo cha nishati: moyo huichukua na kuiunguza, na nyuzi za misuli zile zisizochoka upesi hufanya hivyohivyo. Kinachokutesa ni kuizalisha haraka kuliko mwili unavyoweza kuitumia, pamoja na asidi inayojengeka ndani ya misuli wakati huohuo.

Katika zoezi la kawaida la uwanjani, ukimaliza kipande unatembea au unakwenda mchakamchaka, mwili unajisafisha taratibu, unaanza upya. Michigan inakunyima starehe hiyo. Unatakiwa ujisafishe huku ukikimbia kwa mwendo ambao bado ni kazi. Mwili unajifunza kula mabaki yake ukiwa safarini. Sasa fikiria mbio zenyewe: mtu anachomoka ghafla kilomita ya sita, unamfuata kwa mita 500, kisha kundi linarudi kwenye mwendo wake. Anayeshinda hapo si lazima awe mwenye kasi kuliko wote. Ni yule ambaye mwendo wa kundi kwake ni mahali pa kupumulia.

Kuna na faida ya kichwa. Uwanjani kila mita 200 saa inakuhukumu. Barabarani hakuna mstari, hakuna mzunguko, ni wewe na hisia ya mwendo wako. Kubadilishana hivyo mara sita ndani ya saa moja kunakunoa kujua kasi kwa miguu, si kwa macho.

Je, umefika?

Hili si zoezi la kuanzia. Kama wiki yako haijafika kilomita 50 hivi, kwa miezi miwili au mitatu mfululizo bila jeraha, jenga msingi kwanza. Kuna vipimo viwili ninavyovitumia. Cha kwanza, uwe umewahi kukimbia dakika 25 mfululizo kwa kasi ya nusu marathoni ukamaliza ukijisikia kwamba ungeweza kuongeza tano. Cha pili, mita 1,000 mara sita kwa kasi ya kilomita 10, pumziko la dakika 2, na ya sita isiwe pole kuliko ya kwanza. Ukivipita vyote viwili ndani ya wiki tatu, uko tayari. Ukipita kimoja tu, unajua udhaifu wako uko wapi, nayo ni faida.

Mwenye maumivu ya kano ya kisigino au ya mfupa wa muundi asubiri. Kutoka kwenye uwanja laini kwenda lami ngumu na kurudi, mara sita, tena miguu ikiwa imechoka, hakumsaidii mtu mwenye kidonda.

Tafuta njia kabla ya siku yenyewe

Unahitaji uwanja na barabara vilivyo jirani. Pima njia ya kilomita 2 inayoanza na kuishia karibu na lango la uwanja. Ya mzunguko ni nzuri, ya kwenda na kurudi inatosha, yaani kilomita 1 kwenda na 1 kurudi. Iwe tambarare kadiri inavyowezekana, na usiwe na barabara kuu ya kuvuka. Mtu aliyetoka kupiga mita 1,200 kwa nguvu hana akili ya kuhesabu magari. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, kimbia ukiyatazama magari yanayokuja, na vifaa vya masikioni viache nyumbani.

Weka alama kwenye kila mita 500: jiwe, chaki, nguzo ya umeme, chochote ambacho macho yaliyojaa jasho yataweza kukiona. Mimi hupita siku moja kabla nikitembea, na alama ya kilomita 1 huichagua iwe kitu kikubwa, mti au ukuta, kwa sababu kwenye kipande cha tatu kitu kidogo sikioni.

Uwanja nao una yake. Kwenye uwanja wa kawaida, mita 400 ni za njia ya kwanza peke yake. Kadiri unavyohama kwenda nje mzunguko unarefuka, hata njia ya nane unazidi mita 450. Uwanja wa vumbi au nyasi uupime kwanza. Nimewahi kufurahia kasi yangu miezi miwili nzima kwenye uwanja ambao baadaye ulikuja kuonekana una mita 380. Saa za setilaiti nazo hupotoka kwenye kona, kwa hiyo uwanjani tumia mstari na stopuwachi. Saa yako uiamini barabarani, tena kwa kiasi.

Viatu: jozi moja, nyepesi, yenye soli inayovumilia lami. Viatu vya miiba viache. Kuvua na kuvaa mara sita kunakula dakika na kunavunja mtiririko, halafu ukisahau mara moja ukatoka navyo barabarani, mashavu ya miguu yako yatakukumbusha kwa wiki nzima.

Hesabu za kasi

Chukua muda wako wa kilomita 10 wa karibuni, ule uliokimbia kweli, si ule unaoutamani. Ugawe kwa 10 upate muda wa kilomita moja. Muda huo, kwa sekunde, uzidishe kwa 0.4, na hapo una muda wa mzunguko mmoja. Mkimbiaji wa dakika 40 anakwenda sekunde 240 kwa kilomita, mara 0.4 ni sekunde 96 kwa mzunguko.

Huyo wa dakika 40, mita 1,600 zake ni 6:24. Barabarani anakwenda 4:18 kwa kilomita, kwa hiyo kila kipande ni 8:36. Mita 1,200 ni mizunguko mitatu ya sekunde 94, yaani 4:42. Mita 800 ni mizunguko miwili ya sekunde 92, yaani 3:04. Mita 400 za mwisho, kati ya sekunde 80 na 84.

Wa dakika 50: mita 1,600 kwa 8:00, barabara 5:20 kwa kilomita, mita 1,200 kwa 5:54, mita 800 kwa 3:50, mita 400 kwa 1:42 hadi 1:45. Wa dakika 33: mita 1,600 kwa 5:17, barabara 3:33 kwa kilomita, mita 1,200 kwa 3:53, mita 800 kwa 2:32, na mita 400 kwa sekunde 65 hadi 68.

Jumlisha vipande vya yule wa dakika 40, ukimpa 82 kwenye mita 400. Unapata 41:20 za kukimbia kwa kilomita 10, yaani amezidi muda wake bora kwa dakika moja na sekunde 20 tu, siku ya mazoezi, bila mshindani, bila medali. Ndiyo maana nasema zoezi hili liheshimiwe. Na ndiyo maana ukiongeza kasi hata sekunde 3 kwa mzunguko, umevuka kutoka mazoezini kwenda mashindanoni bila kujua.

Jua likiwa kali au upepo ukiwa mbaya, ongeza sekunde 5 hadi 10 kwa kila kilomita ya barabarani kabla hujaanza, si katikati. Njia ikiwa na mlima, sahau saa kwenye mlima huo. Shika pumzi ileile na uache mteremko urudishe kidogo.

Siku yenyewe

Kula chakula chepesi cha wanga muda wa saa tatu kabla ya zoezi, kitu ambacho tumbo lako linakijua. Jana yake iwe siku nyepesi. Andika kasi zako kwenye mkono kwa kalamu ya wino. Kichwa husahau hesabu mapema kuliko miguu inavyochoka.

Pasha mwili joto kwa kukimbia polepole dakika 15 hadi 20, na sehemu ya mwisho ikimbie kwenye njia yako ya kilomita 2 ili kuikagua. Fuatisha mazoezi ya viungo ya kutembea nayo, magoti juu, visigino nyuma, hatua ndefu, bila kukaa chini na kujivuta. Malizia na mbio fupi nne hadi sita za mita 80, ya mwisho ikaribie kasi ya mita 800. Chupa ya maji iweke langoni, si jukwaani. Utalipita lango mara sita.

Mapumziko yako hivi. Ukimaliza kipande cha uwanjani una dakika 2 za kufika mwanzo wa barabara, kwa mchakamchaka au kwa kutembea. Ukitoka barabarani una dakika 2, zikizidi sana 3, za kufika mstarini. Saa isisimame. Ukishalizoea zoezi, punguza hadi sekunde 90, kisha 60. Kufupisha pumziko ni njia bora ya kulikoleza kuliko kuongeza kasi.

*Mita 1,600.* Hapa ndipo zoezi linapoharibiwa. Umepumzika, umepasha mwili joto, na sekunde 96 zinaonekana kama mzaha. Mzunguko wa kwanza utatoka kwa 91 na utajisikia vizuri. Usijisikie vizuri, punguza. Mara yangu ya kwanza nilimaliza mita 1,600 nikiwa nimeibia saa sekunde 14, nikatoka langoni kifua mbele. Kilomita 2 za kwanza nikazimudu kwa shida. Za pili zikawa mchakamchaka. Za tatu sikuzikimbia. Nilitembea hadi kwenye mti wa kilomita 1, nikauegemea, nikarudi. Wahenga walishasema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wangu ulikuwa ule mti. Kagua kila mita 200: kwa mtu wa dakika 40 ni sekunde 48, nane mfululizo, kama mtu anayehesabu magunia.

*Barabara ya kwanza.* Mita 300 za mwanzo miguu itakuwa ya ajabu, kama si yako, na mwendo utaonekana mgumu kuliko unavyostahili. Usiukimbilie. Shusha mabega, legeza ngumi, toa pumzi yote nje kabla ya kuvuta nyingine. Kufikia mita 700 au 800 utasikia kitu kinafunguka kifuani, pumzi inapata mpangilio, na hatua zinaanza kulingana. Likumbuke vizuri hilo tukio. Ndilo unalolifanyia zoezi hili, na kazi ya miezi inayofuata ni kulifanya lije mapema zaidi.

*Mita 1,200.* Mzunguko wa kwanza ni wa kujizuia, wa pili ni wa kufanya kazi, wa tatu ni wa kusubiri ukweli. Kipande hiki sina mengi ya kukieleza: ukikipiga kwa usawa, siku yako iko salama.

*Barabara ya pili.* Hii ndiyo siku yenyewe. Hamu ya mwanzo imeisha, mwisho bado hauonekani, hakuna anayekutazama. Wengi hupoteza sekunde 10 kwa kilomita hapa bila kutambua, kwa sababu mwendo wa pole unajificha ndani ya uchovu. Mwili unatoa jasho lilelile kwa kasi ndogo zaidi. Kwa hiyo kwenye alama ya mita 500 tazama saa. Ukiwa umechelewa sekunde 3, rudisha sekunde 3 ndani ya mita 500 zinazofuata, usizirudishe ndani ya mita 50. Kama mko wawili, atangulie yule aliyekuwa nyuma uwanjani. Kubadilishana kiongozi kunamkumbusha kila mtu kwamba yuko kazini.

*Mita 800.* Kasi ya kilomita 5 si kasi ya kufa nayo. Kwa mita 200 za kwanza itakuja kirahisi, kwa sababu baada ya barabara miguu hufurahia kunyooka. Kati ya mita 500 na 600 ndipo mikono inaanza kukakamaa na kidevu kupanda. Shusha kidevu, endesha viwiko nyuma. Miguu hufuata mikono.

*Barabara ya tatu.* Nitasema moja tu. Ukiweza kuikimbia hii kwa muda uleule wa ile ya kwanza, sekunde 5 juu au chini, zoezi limefaulu, na ungeweza kwenda nyumbani bila kupiga mita 400. Usiende nyumbani, lakini ungeweza.

*Mita 400.* Pumzika dakika 2 kamili, funga kamba za viatu upya. Hazina kanuni nyingi: mita 100 za kwanza zitulie, kona ya pili usiipoteze, mita 100 za mwisho kimbia ukiwa wima, nyonga juu, bila kukunja uso. Makocha wengine huwaachia vijana wao wagombane hapa. Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu mwenye umri wa kutosha napendelea asilimia 95, maana msuli wa nyuma ya paja uliochoka hauonyi mara mbili.

Wakati wa kuacha

Maumivu ya kuchoma sehemu moja, hasa yanayobadilisha hatua yako, ni mwisho wa siku. Kizunguzungu, au baridi ya ghafla juani, ni mwisho wa siku na ni wakati wa kivuli na maji. Ukikosa kasi ya uwanjani kwa zaidi ya sekunde 4 kwa mzunguko, usikazane: kata kipande hicho, nenda barabara, halafu jaribu kifuatacho. Barabara ikikushinda kwa zaidi ya sekunde 15 kwa kilomita, malizia kilomita hizo polepole na ufunge. Kuziba pengo la barabarani kwa kupiga mita 400 za hasira ni kujidanganya, nami nimejidanganya hivyo zaidi ya mara moja.

Kuliweka kwenye programu

Mara moja kila wiki tatu au nne inatosha, na mara mbili au tatu kwa msimu ni nyingi. La mwisho liwe siku 10 hadi 14 kabla ya mashindano. Karibu zaidi ya hapo utayaendea mashindano ukiwa umeshayakimbia. Siku ileile poza mwili kwa dakika 10 hadi 15 za polepole sana, kwenye nyasi kama zipo, kunywa, kula ndani ya saa moja. Siku mbili zinazofuata ni za mbio nyepesi au mapumziko. Siku ya pili ndiyo mbaya zaidi, ngazi utazishuka kwa ubavu, kwa hiyo usijipime siku hiyo.

Ambaye hajafika anaweza kuanza na toleo dogo: mita 1,200, kilomita 1.5 barabarani, mita 800, kilomita 1.5 barabarani, mita 400. Hiyo ni kilomita 5.4, na inatosha kumwonjesha mtu ladha. Afanye mara mbili, kwa nafasi ya wiki mbili, kisha aende zoezi kamili. Wa marathoni anaweza kurefusha barabara hadi kilomita 3 na kuacha uwanja kama ulivyo. Wa mita 1,500 anaweza kufupisha barabara hadi kilomita 1.5 na kukaza vipande viwili vya mwisho. Asiye na uwanja apime mita 400 kwenye barabara iliyotulia na azikimbie kwenda na kurudi. Atapoteza sekunde moja au mbili kila anapogeuka. Azihesabu kama nauli.

Daftari

Jioni ileile andika vipande vyote saba, mapumziko uliyochukua kweli, hali ya hewa, na neno moja kuhusu pumzi kwenye kila barabara: "ilifunguka mita 800", "haikufunguka", namna hiyo. Wiki nne baadaye, ukilirudia, usianze kulinganisha mita 400. Weka barabara ya kwanza na ya tatu za siku ile karibu na za leo. Kama mwezi uliopita zilitofautiana kwa sekunde 25 na leo ni 9, huku kasi za uwanjani zikiwa zilezile, mara ijayo punguza pumziko kwa sekunde 30. Kasi usiiguse.